Neno la Bibi

Doha, Juni 2016. Mwaka wa hamsini na mbili tangu niondoke Unguja.

Dada Zuhura,

Mungu akupe nafuu ya magoti. Leo, kukimbia joto, niliingia makumbusho ya utumwa. Ukutani kuna maneno ya wanawake waliosimulia utumwa wao wenyewe. Nikamkumbuka Bibi yetu, aliyedai hati yake ya uhuru mahakamani, kisha akawaongoza wenziwe wakadai zao.

Aliponisimulia niandike daftarini, alisisitiza, "Andika mtumwa, usinipambe." Kwa aibu ya ujana nikaandika "mtumishi". Nilipomsomea nilitamka "mtumwa", naye, asiyejua kusoma, akanishukuru.

Mama mmoja wa Tanga, yaya wa hapa mtaa wa Al Sadd, aliniona nalia. Nikamweleza.

"Sasa Babu, si ulirekebishe tu? Kalamu hii hapa, ya bosi lakini inaandika."

Ndiyo ninayoandikia barua hii. Daftari limo sandukuni mwako. Kila penye "mtumishi" piga mstari, uandike neno lake, wajukuu walisome. Wabusu wote kwa ajili yangu. Ningependa kulisahihisha kwa mkono wangu, lakini sitarudi.

Kaka yako