Sanda Uliyoniletea kutoka Makka

Palma,
22 Machi 2014

Mpendwa mdogo wangu Zaida,

Assalaam aleikum. Uniwie radhi kwa kimya cha miezi mitatu. Hujambo huko Lindi? Goti lako limepata nafuu? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa.

Ile sanda uliyoifua kwa zamzam ukaniletea nizikwe nayo, imevaliwa na mtu aliye hai.

Tangu waje watafutaji wa gesi, wakubwa wa hapa hufanya karnavali, na watu huvaa mavazi ya kuchekesha. Mwaka huu walimwita mwanangu Chamsudine aongoze sherehe, kwa kuwa sauti yake ya redioni inajulikana toka Namoto hadi Mute. Alijifunga sanda, akajitia pamba puani, akacheza. Wageni walicheka mno. Picha zilienea simuni kabla hajarudi nyumbani.

Nawe unajua kuwa kila asubuhi yeye ndiye atangazaye vifo. Siku ya tatu baada ya karnavali alifariki Bi Sumaia wa Mute. Wanawe walikataa jina la mama yao lipite kinywani mwake. Mmoja alimfungia mlango: "We maiti, utamtangaza nani? Rudi kaburini!" Redio imemsimamisha. Sokoni wauza samaki humwuliza, "Chamsu, hata huko kaburini wamekufukuza?"

Nami nilimfukuza. Alilia akisema, "Baba, nilidhani ni bafta tu."

Wazee wa msikiti wanasema aliiba sandukuni mwangu, wala sikukanusha. Zaida, ufunguo nilimpa mimi. Aliniomba shuka jeupe. Nilikuwa nasoma, nikamrushia bila kuinua macho. Sikuwahi kumwonyesha sanda ile. Niliona haya kuzungumza na mwanangu habari za kufa kwangu.

Ijumaa ijayo wazee wanataka nisimame mbele ya watu nimkane. Nikisema kweli, aibu itanirudia mimi, na huenda yeye akasamehewa. Nikimkana, ataondoka, amekwisha kuomba kibarua cha jikoni Afungi, kwenye kambi ya watu wa gesi.

Sanda ameifua mwenyewe, akaikunja, akaiacha kizingitini bila kubisha hodi. Sijathubutu kuirudisha sandukuni.

Msalimie shemeji Tuaibo na mwanao Sufo. Mwenyezi Mungu awakinge na lililonifika.

Nitakuandikia nikishaamua, hata kama uamuzi wenyewe utanifedhehesha mbele yako.

Kaka yako asiyeacha kukupenda,
Selemane