Kabla Hujawatoa Watoto Shule

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
Jumamosi, 14 Desemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Clotilda,

Bwana Yesu asifiwe! Hujambo wewe, na shemeji Jovin hajambo huko Sumbawanga? Mvua zimeanza? Na lile jino la kitinda mimba limetoka, au bado mnakesha naye nyumba nzima? Sisi hapa wazima, tunamshukuru Mungu, ila joto la mwezi huu halina adabu. Elibariki ana kikohozi cha vumbi la mizigo na hataki kwenda hospitali mpaka sikukuu ipite. Unamjua shemeji yako.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ninayo na bando ninalo. Nyumba hii haina mahali pa kusemea, mdogo wangu. Vyumba viwili na sebule, ghorofa ya nne, na sebule yenyewe tangu Novemba imejaa maboksi ya chupa za chai kwa sababu stoo ya dukani imefurika. Nikishika simu Brightness anasikia, nikijifungia chooni Gaudens anagonga mlango. Nakuandikia nimekaa kwenye ngazi, na nimewaambia watoto natunga mtihani wao. Mungu anisamehe. Filbert, yule mteja wetu wa huko kwenu, atakukabidhi bahasha hii mkononi.

Umeniomba mara tatu nikupe ushauri, kwamba Januari unawatoa watoto shule uwafundishe nyumbani kama mimi. Mara zote tatu nimekutumia vikatuni vya kucheka. Leo nakujibu.

Nianze na yaliyo mepesi. Usifundishie chumbani, ikifika saa nne utakuta wamelala na madaftari usoni. Wewe una baraza, weka meza pale. Hesabu ziwe asubuhi kichwa kikiwa kimepoa, na saa saba funga vitabu, maana ukiendelea mpaka jua kali utakuwa unafundisha hasira zako tu. Fuata vitabu vya shule vilevile. Usijifanye mjuaji kama mimi, niliyejitungia masomo yangu nikaja kugundua mwezi wa tano kwamba desimali zote nimeziruka.

Halafu watoe nje. Mwanzoni kila Ijumaa nilikuwa nawapeleka Magogoni, wanahesabu magari yanayoshuka kwenye kivuko, tukirudi wanaandika habari yake. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yetu nzuri kuliko zote. Mizigo ya sikukuu ilipoanza kuingia, nikawa natakiwa nibaki kuwafungulia mlango wapagazi, na Magogoni ikaishia hapo. Sasa wiki nzima inaweza kupita sijashuka hata barabarani.

Lisilo jepesi ni la Biblia. Unajua tuliwatoa shule ili wakue katika Neno. Sikutaka kuwachapa, nikaona heri niwape adhabu yenye faida: ukikosea hesabu unanakili zaburi, ukinijibu jeuri unanakili sura nzima ya Mithali. Nilijisifu sana kwa ujanja huo, hadi nikawafundisha na kina mama wenzangu. Mwezi wa tisa, kwenye sala ya jioni, Elibariki akampa Gaudens Biblia atusomee. Mtoto akaipokea, akamtazama baba yake, akauliza, "Nimekosea nini, Baba?"

Elibariki alicheka. Mimi nilienda jikoni nikalia. Ana miaka minane, Clotilda, na mimi mama yake ndiye niliyemfanya aliogope Neno la Mungu. Usije ukafanya hivyo hata kwa mstari mmoja. Akikosea mnyime mchezo, mpe masufuria asugue, lakini Biblia ibaki kitu cha kumfurahisha. Siku hizi nasoma mimi, yeye anasikiliza tu, na ameanza kuuliza maswali kidogo kidogo.

Utaniambia, dada, kama umeona hayaendi si uache? Hapo ndipo niliponasa. Mwezi wa pili nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda kwamba Mungu amesema nasi tuwafundishe watoto wenyewe. Watu walipiga makofi, vigelegele, mchungaji akawaita watoto mbele wakawekewa mikono. Tangu siku hiyo naitwa Mama Darasa. Familia nne zimewatoa watoto wao kwa kunifuata mimi. Jumapili siwezi kufika mlangoni bila kushikwa mkono kuulizwa ratiba, nami natabasamu na kuigawa hiyo ratiba ambayo mimi mwenyewe imenishinda. Nikisema nimechoka, itaonekana namsingizia Mungu. Nilipomdokezea Elibariki alisema, "Sasa mchungaji tutamwambia nini?" akarudi kwenye maboksi yake. Kuna asubuhi naamka kifua kimebana hata kabla sijakumbuka kwa nini. Na hakuna aliyenifungia, ndiyo maana nina hasira hivi. Mlango niliufunga mimi, tena kwa kipaza sauti.

Wiki iliyopita Bi Kuruthumu, jirani wa mlango unaotazamana na wetu, alinishika koridoni. "Mama Brightness, hivi mwanao ana saa kichwani? Kengele ya shule ile pale nyuma ikilia tu, huyo anatoka, anakula andazi lake hapa peke yake. Ikilia tena, huyo anarudi ndani."

Mimi nilidhani anatoka kupunga upepo. Kumbe miezi kumi yote binti yangu anapumzika kwa kengele ya shule isiyo yake.

Jumatano nikamchukua yeye peke yake, tukaenda Mchikichini kumtafutia viatu vya Krismasi. Nilikuwa nabishana bei na muuzaji, kugeuka nikamwona ameokota viatu vyeusi vya kamba, vya shule, anavipima kwenye unyayo. Alipoona namtazama akavirudisha kwenye rundo. Nikamuuliza palepale kama anataka kurudi shule.

"Hapana, Mama." Haraka mno.

Nikamwambia aseme kweli, sitakasirika. Akainama. "Nikirudi, watakucheka kanisani."

Miaka kumi na moja! Mwaka mzima nimekaa nikijihesabu mimi ndiye ninayejinyima kwa ajili yao, kumbe mtoto ndiye anayenibeba. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Vile viatu nilivinunua, vinampwaya kidogo, tutatia pamba.

Kwa hiyo jibu lako ni hili. Sikukatazi. Wapo wanaoiweza kazi hii vizuri, nawe una subira kunizidi, tena una uwanja. Lakini kwanza mchukue kila mtoto peke yake, mbali na nyumbani, umuulize anataka nini, na usiliamini jibu la kwanza. Jaribu likizo hii wiki tatu. Na ukianza kweli, kanisani usiseme neno mpaka mwaka upite, ili ukitaka kurudi nyuma usiwe na wa kumwogopa.

Gaudens bado sijui, naye nitamuuliza. Lakini Jumatatu naenda kuomba nafasi ya Brightness. Elibariki nimemweleza yote leo asubuhi. Alichukua pasi akanyoosha shati lake la kesho, alipomaliza akavuta gauni langu akalinyoosha nalo. Sijui kama hiyo ni ndiyo.

Kesho kwenye ibada ya pili nitaomba nafasi. Nitawaambia kwamba nimeshindwa, kwamba namrudisha mtoto shule, na wale kina mama wanne nitawaomba radhi kwa majina yao. Naogopa, Clotilda. Brightness nitamkalisha benchi la mbele. Nataka wakinicheka awepo, asikie kicheko chote mpaka mwisho, halafu aone mama yake bado amesimama.

Mpe shemeji Jovin salamu zangu, na watoto wote uwabusu. Mama akikupigia kutoka Machame mwambie nitaongea naye mwenyewe, usinitangulie. Rafiki yetu Stella naye anakusalimu, amejifungua salama mtoto wa kike.

Bwana akufunike wewe na nyumba yako, na akupe mwaka mpya wenye amani.

Ni mimi dada yako nikupendaye daima,

Violeth