Goti la Sajini Haliko Pale Nilipolifunga

Jumamosi, Kanyangi. Mawingu yamejaa lakini hayana haraka. Upepo unanukia mvua iliyonyeshea watu wengine, nami nimekaa mlangoni na kipande cha mti, sijui bado kitakuwa nini.

Mimi nachonga wanyama tangu nilipoliacha darasa la saba likiendelea bila mimi. Twiga wangu walipanda ndege kabla yangu. Wako Ujerumani, wako Japani, wamesimama kwa meza za watu wanaokunywa kahawa. Nimekaa Mombasa na Malindi, nikasalimia wageni kwa lugha sita na kuzikosea zote. Kwa hivyo Sajini alipoumia, mlitaka nimwite nani?

Sajini ni mbwa wa Mama. Kila asubuhi humtangulia mtoni, mto wetu wa mchanga, ambako maji ni ya kuchimba. Macho ya Mama yamefifia. Sajini akisimama, Mama anajua mbele kuna shimo.

Juzi alirukia tumbili, akajipinda hewani, akarudi ameinua mguu wa nyuma kama anayeomba ruhusa ya kutoka darasani. Nikamfunga vijiti na kamba ya mkonge. Kazi safi. Hata nilipiga picha.

Leo daktari wa mifugo, binti wa upande wa Makueni, amepita kuchanja mbuzi. Akainama akaiangalia kazi yangu kwa muda mrefu.

"Baba Mwende, hapa ulipofunga ni kisigino."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Akavifungua vijiti, akaupeleka mkono wangu juu, karibu na tumbo la Sajini. Goti liko huko, limejificha kwa manyoya, linakunjikia mbele kama langu. Kumbe mbwa hutembea kwa vidole maisha yake yote, kisigino hewani, kama bibi harusi. Kisha daktari akashika mfupa wa paja kwa mkono mmoja, ule wa chini kwa mwingine, akausukuma taratibu. Ukateleza mbele kama droo ya meza. Akasema ndani ya goti kuna kano mbili zilizopishana kama msalaba, na ya mbele ndiyo imekatika.

Mama akauliza kutoka kitini kwake, "Na wale wanyama wote uliowauzia wazungu, Musyoka, magoti yao yalikuwa wapi?"

Nilikuwa nawafikiria twiga wangu wa Japani.

"Atatembea?" Mama akamuuliza daktari, na hapo hakuwa anatania.

Mbwa mzito angepelekwa Nairobi kupasuliwa, daktari akasema. Sajini ni mwepesi. Afungwe kamba fupi, asiruke, asinenepe, apumzike wiki nyingi. Kovu huweza kulikaza goti.

Huweza. Nimelibeba neno hilo tangu asubuhi.

Sasa Sajini amelala miguuni pangu na anakimbia usingizini. Nadhani amempata yule tumbili. Mguu mbaya nao unakimbia. Huko aliko hakuna kano iliyokatika.

Mikono yangu imechonga mbwa bila kuniuliza. Goti nimeliweka juu, karibu na tumbo. Anaonekana kama anataka kuondoka.

Mpaka Sajini apone, mimi ndiye nitakayemtangulia Mama mtoni. Ameniambia nikifika kwa shimo nisimame tu, nisianze hadithi.