Wimbo Uliokuweka Kando

Mpendwa shemeji,

Nakuandikia nikiwa mezani kwa dada yangu hapa Kasulu. Chai imepoa, na vijiti vyako vya dramu vimo kabatini pamoja na miiko. Usinune. Aliyeviweka humo ni mkeo mwenyewe, na mimi mambo ya jikoni kwa Anastazia siyaingilii.

Juzi tulianua matanga yako. Nimeona nikueleze ilivyokuwa, maana kuna wimbo ulipigwa, na unaujua ni upi.

Sisi tulikuwa watu wa roki. Pengine tulikuwa bendi pekee ya roki kati ya Kasulu na Kibondo, kwa sababu hakuna aliyetuomba tuwe. Mwalimu mwenzangu Yusufu kwenye besi, mimi kwenye gitaa na sauti yangu ya mtu aliyekabwa na muhogo, na wewe nyuma yetu, ukizipiga dramu kana kwamba zimekutukana. Watu wakaziba masikio. Halafu tukatoa kawimbo kamoja ka taratibu, na tangu hapo hakuna harusi iliyokata keki bila hako.

Siku ya kurekodi ulikuwa unatoka Kibondo, dramu zako juu ya basi, basi likaharibikia njiani. Fundi wa studio, kwenye kile chumba cha trei za mayai ukutani, akasema umeme unakatika saa kumi. Nikasema, "Turekodi huu wa taratibu. Shemeji ataweka dramu akifika." Tulikuwa tunaumalizia ulipofika, ukabisha mlango: ko, ko, ko. Nikaendelea kuimba. Tulipomaliza tu, umeme ukakatika. Kesho yake fundi alikuwa ameshaupeleka redioni, na kubisha kwako kumo ndani.

Basi, wimbo wetu mkubwa kuliko yote ukawa hauna dramu. Kila ukumbi tulioingia, ukifika wakati wake, wewe ulikunja mikono na kukaa kama mzee wa baraza anayesikiliza kesi ya mbuzi. Tukifika pale pa kubisha, watu wote waligonga meza, ko, ko, ko, wakicheka. Wewe hukugonga hata mara moja.

"Shemeji," uliniambia kule Mabamba, tukifunga vyombo, "mimi ni mgeni kwenye wimbo wa bendi yangu."

"Vumilia. Siku ya tatu nitakupa jembe. Tutaurekodi upya, na dramu zako."

"Ego, ndiyo, shemeji. Nahesabu."

Na kweli ulihesabu. Tukikutana sokoni, kabla hata ya salamu: "Leo ya ngapi?" Nami nilikuwa na sababu kila mara. Fundi amehama. Mvua. Mitihani ya kusahihisha. Yusufu kaenda likizo kwao.

Ukweli ni kwamba niliogopa. Ule wimbo ulipendwa bila wewe, nikaona tukikuweka ndani utakuwa kama nyimbo zetu nyingine, yaani hakuna atakayeuomba. Sikukwambia. Ungecheka, halafu ungenuna wiki nzima. Hata ulipolala hospitali uliniuliza, "Leo ya ngapi?" Nikakwambia, "Ukipona." Jibu la kijinga. Nimelifikiria sana tangu siku ile, na bado sijapata lingine.

Juzi, baada ya chakula, ndugu zako wa Kibondo wakaomba bendi ipige kitu. Tukasimama, mimi na Yusufu.

"Tupige upi?" akaninong'oneza.

"Ule wa kwanza."

"Unaanza na dramu."

"Basi wa pili."

"Na wenyewe. Mwalimu, zote zinaanza na yeye."

Ukabaki ule mmoja, shemeji. Ndio pekee tunaoweza kuupiga bila wewe. Tumeufanyia mazoezi miaka yote hiyo, wewe ukiwa umekaa pale unatutazama.

Tukaupiga. Sauti yangu ilikuwa mbaya kama kawaida, hilo lisikusumbue. Tukafika pale pa kubisha, nami nikangoja watu wagonge. Hakuna aliyegonga. Walikuwa matangani, wana adabu zao, walitazama chini. Yusufu akabaki na noti moja tu, akiivuta, akinikodolea macho. Nikaona isiwe taabu, nikaanza kuimba ubeti wa mwisho.

Nimeshaimba mstari mmoja na nusu ndipo tukasikia, kwenye mlango wa jikoni: ko, ko, ko.

Alikuwa Anastazia, kashika vijiti vyako. Alikuwa amechelewa, shemeji. Amechelewa vibaya, kama basi lenu la Kibondo.

Safari hii niliacha kuimba. Nikageukia mlango, kipaza sauti kikiwa bado mdomoni, nikasema, "Karibu."

Lala salama. Jembe lako bado ninalo mimi.

Shemeji yako