Taya la Megalodoni

Jumatatu, 7 Septemba
Majani ya ng'ombe tayari, vyombo tayari. Sasa taya. Megalodoni alikuwa papa mrefu kuliko basi, akatoweka kabla ya watu kuwapo. Taya lake nalisuka kwa maganda ya mgomba, yamejipinda yenyewe. Ijumaa mwalimu wa sayansi atachagua kazi moja iende maonyesho ya wilaya. Iwe yangu. Basi.

Jumanne, 8
Binamu yangu Godlisten kacheka mpaka akakaa chini. Eti papa na Marangu wapi na wapi. Yeye anatengeneza volkano, kama nusu ya darasa. Nachonga meno kwa mabanzi ya seremala, kila moja refu kama kiganja changu na vidole vyake. Vidole vinauma.

Jumatano, 9
Limekamilika! Nimelisimamisha kando ya banda. Bibi kapita katikati bila kuinama. Godlisten kaja, kaangalia, kaondoka bila kucheka. Nimefurahi sana.

Alhamisi, 10
Sina taya. Upepo uliliangusha usiku. Baba, mpagazi, karudi kutoka mlimani nikiwa nimelala. Alfajiri kaliona, kadhani ni mgomba umeanguka, kamsukumia ng'ombe. Ng'ombe kala lote. Kabakiza meno.
Nimelia. Nimemnunia Baba, na ndiyo kwanza karudi. Kaniomba radhi, mtu mzima yule.

Jioni. Nimesoma tena. Papa hana mifupa, ana gegedu, laini kama la sikio. Akifa linaoza, meno yanabaki. Wataalamu wenyewe wanamjua megalodoni kwa meno, zaidi ya chochote. Kumbe ninayo kazi.

Ijumaa, 11
Nimetandika gunia, nikapanga meno. Nikasema taya limeliwa na ng'ombe. Wakacheka. Nikawaambia washike masikio yao. Wakashika, hata mwalimu mkuu. Hapo kicheko kikaisha. Nikaeleza papa mweupe wa leo, ndugu yake wa mbali. Na papa potwe wa kule kisiwa cha Mafia, samaki mkubwa kuliko wote walio hai, chakula chake vijidudu vya majini.
Nimechaguliwa mimi. Najivunia na sifichi. Godlisten kanibebea gunia mpaka nyumbani, sikumwomba.

Jumapili, 13
Tumetoka kanisani. Kesho Baba anapanda tena na wageni. Kaomba jino moja awaonyeshe wapagazi wenzake. Nimempa lile kubwa. Kalifunga ndani ya soksi yake nzito, kaliweka juu kabisa kwenye begi.