Soketi Mpya ya Cheche

Jumatatu, 4 Machi
Leo! Leo kazi imeanza! Binti yangu Cheche ameingia na mkoba wa vifaa begani, anatembea kama mwenye nyumba. Ile soketi ya kando ya sinki, inayorukiwa na maji kila nikisuuza sufuria, inahamia ukuta wa friji. Na ekstensheni inayolala sakafuni kutukwaza, kwaheri yake. Baba yake akauliza kwa nini asiunge tu waya akazungushia tepu, mbona yeye ndivyo afanyavyo. Cheche akamjibu, baba, tepu funga nayo zawadi! Waya zikirefushwa zinaungwa ndani ya kisanduku, zinakazwa kwa skrubu, na kisanduku kinabaki mahali pa kufikika. Baba mtu akairudisha tepu mfukoni. Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Jumamosi fundi mkuu wa kampuni yao anakuja kukagua. Akiridhika, Cheche ataanza kusimamia kazi zake mwenyewe. Asiporidhika, ni kurudi kuwabebea wenzake ngazi. Ataridhika! Mwenye macho ataachaje?

Jumanne, 5 Machi
Amezima swichi kuu na kuitia kufuli. Kufuli! Ndani ya nyumba yangu! Nikasema mimi si mwizi wa umeme. Akasema, "Mama, wewe ndiye ninayekuogopa. Utataka chai." Na kweli nilikuwa naitaka.

Hata baada ya kufuli, hagusi waya kabla ya kuupima kwa tesita. Vumbi limeingia mpaka kwenye chumvi. Amechimba mfereji ukutani, kutoka soketi mpya kwenda juu darini, umenyooka kama rula. Nikamwambia akatishe njia aokoe waya. Akasema waya hauendi mshazari, unapanda wima, ili mtu yeyote akiona soketi ajue waya uko wapi. Nimeitikia ndiyo, akili yangu iko kwenye rangi ya ukuta.

Alhamisi, 7 Machi
IMEWAKA! Birika linachemka, friji inanguruma, sakafu nyeupe peee bila waya hata mmoja. Mfereji umezibwa, nimepaka rangi mwenyewe. Hata uwe na macho ya mwewe huoni ulipopita.

Nimemwita jirani aje aone. Akasimama mlangoni, kanga kiunoni, eti, "Si soketi tu hiyo, shoga? Angalia, mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Nikamwambia, wangu hatii maji, anayakimbiza! Kanywa chai yangu yote, kaondoka. Wengine tumezaa mafundi, wengine wamezaa wivu.

Ijumaa, 8 Machi
Jamani, nimefanya nini.

Nilitaka fundi mkuu akiitazama soketi, akiinua macho tu amwone na aliyeifunga. Picha ya Cheche ya kuhitimu, ile ya joho. Nikaipimia juu ya soketi, katikati hasa. Nikapiga msumari. Mara PAA! Mwanga wa buluu, kisha nyumba nzima kimya. Mimi mzima, hata ukucha haukuniuma. Swichi ya usalama, ile mpya aliyoiweka Cheche pembeni ya swichi kuu, imejikata yenyewe.

Baba yake akaja mbio. Alipoona sijafa akapata maarifa: tung'oe, tuzibe, picha ifunike, nani atajua? Moyo wangu ukasema ndiyo. Kesho ndiyo kesho! Lakini jiko hili watalitumia watu. Nikampigia Cheche simu. Akauliza tu, "Umeumia?" Nikasema hapana. "Msiguse kitu. Msiwashe." Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Jumamosi, 9 Machi
Cheche kaja mapema, lakini fundi mkuu kaja mapema zaidi. Mtu mwembamba, hana maneno. Akaangalia msumari. Akaangalia picha mezani. "Nani kapiga huu?" Cheche akasema kazi ni yake na dhamana ni yake. Nikamkatiza: "Ni mimi, baba. Mama yake." Akauliza kama swichi ilijikata. Papo hapo, nikasema, kabla hata sijapiga kelele. Hakutabasamu. Akamwambia Cheche afungue ukuta, atoe waya wote kutoka darini hadi soketi, atie mpya, pasiwe na kiungo ndani ya plasta. Akavuta kigoda changu cha jikoni, akakaa, akakunja mikono.

Mimi nimefukuzwa. Naandika huku chumbani. Patasi inagonga, inagonga. Baba yake anazunguka uani kama mtu anayesubiri mtoto azaliwe.

Patasi imenyamaza muda sasa. Nasikia skrubu. Sasa wanapima, Cheche anasoma namba, yule bwana anaguna. Guno la nini? Zuri? Baya?

Ananiita! Fundi mkuu. "Mama, njoo uwashe wewe."

Mimi? Baada ya ule mwanga wa jana?

Cheche naye: "Njoo, mama. Nimepima."

Naogopa, mimi? Kazi ya mwanangu? Nakwenda. Kalamu naiacha hapa.