Siku Kumi za Mlipaji

Jumanne, 8 Novemba

Zipu. Tangu juzi jioni naisikia zipu ya koti la theluji la mwanangu Hallie, ile ndefu inayoanzia gotini hadi kidevuni. Brent, baba yake, aliifungua pale mlangoni kwake, mvuto mmoja tu, bila hata kuangalia, na mtoto akatoka kama ndizi kwenye ganda lake, akakimbilia jikoni kwa bibi yake. Mimi zipu hiyo huninasia kila mara. Hallie hakugeuka. Afadhali. Angegeuka ningelia, na mbele yangu kulikuwa na saa mbili za barabara na upepo wa Wreckhouse, ule unaopindua malori.

Jana nilianza kazi. Maabara ya maji, Corner Brook. Chupa, vipimo, madirisha makubwa. Mshahara mzuri kuliko wote niliowahi kupata. Mchana, mezani, Darrell wa vipimo vya klorini akaniuliza kama nina watoto.

Nikasema sina.

Lilitoka kabla sijafikiri, kama mtu anavyokataa sukari kwenye chai.

"Bahati yako, dada," akasema. "Wangu watatu wamenimaliza nywele." Wakacheka wote. Na mimi nikacheka.

Alhamisi, 10 Novemba

Nimekitoa kile kijitabu cha ofisi ya matunzo ya watoto kwenye droo. Wajibu wa mlipaji. Mlipaji ni mimi. Watu hudhani lazima awe mwanamume — hata fundi wa gari alipoiona barua yao kwenye kiti aliuliza kama mume wangu yuko sawa.

Lipa kupitia ofisi, si mkononi. Lipa hata mwezi ambao hukumwona mtoto. Ukihama nyumba, sema. Ukibadili kazi, sema ndani ya siku kumi, pamoja na jina la mwajiri.

Sikatai kulipa. Siku hakimu alipotia saini amri ya matunzo nilipata nafuu. Kabla ya hapo ilikuwa bahasha mlangoni, mimi na Brent tukitazama viatu vyetu, mama yake akiuliza kutoka jikoni nimeleta ngapi. Sasa hela hukatwa kwenye mshahara kabla sijaziona, zinamfikia Brent, na sisi tukikutana tunazungumza habari za mafua na meno. Hallie alibaki kwa baba yake nilipokwenda St. John's kumalizia shahada. Tulikubaliana. Miaka miwili ikawa mitatu, mtoto akawa na kitanda chake, bibi yake, paka wake. Kumng'oa pale ningekuwa najifurahisha mimi tu.

Ila nikisema kazi mpya, barua itaandikwa kwa mwajiri ili waanze kukata. Itafika hapa. Itasema nina mtoto.

Jumamosi, 12 Novemba

Mama kapiga simu. Nimemweleza.

"Kirsten, nyamaza. Waache wakutafute wenyewe, si wana kompyuta?"

Nikamkumbusha mwaka jana. Nilihama chumba bila kusema, barua zao zikaenda kwenye anwani ya zamani, malipo yakakwama, leseni yangu ikasimamishwa. Wiki sita bila kuendesha. Wikiendi zangu tatu na Hallie zikapita. Nilipofika tena kwao Port aux Basques, Hallie alijificha nyuma ya mguu wa Brent na kumwuliza huyu anakaa mpaka lini.

"Na huyo Brent hela zote hizo anafanyia nini? Kanunua mashua?"

"Ana mtoto, mama."

Kisha akauliza kama nimekula. Supu ya njegere kavu na nyama ya chumvi, nikamwambia, leo si Jumamosi, siku ya supu? "Haya, kula basi," akasema, kama vile ndiyo yalikuwa mazungumzo tangu mwanzo.

Leseni ikienda, Hallie simwoni. Ndiyo hivyo. Mengine yote ni aibu tu, na aibu haina magurudumu.

Jumatano, 16 Novemba

Kesho ni siku ya kumi. Fomu nimeijaza kwenye simu. Sijabonyeza kutuma.

Darrell ameniletea andazi bapa la kukaanga, kapika mkewe, na asali nyeusi ya miwa ndani ya kikopo. "Wasio na watoto hawana wa kuwapikia asubuhi," kasema. Nimelila lote. Lilikuwa tamu, na kila nilipotafuna nilijiona mwizi.

Alhamisi, 17 Novemba

Nimetuma. Saa moja na dakika tano asubuhi, ndani ya gari, nje ya maabara, vidole vimeganda.

Halafu, kabla sijavua koti, nikaenda kwa Bi Verna Keeping wa mishahara. Niliona heri asikie kwangu kuliko kwenye bahasha. Nikasema nikiwa nimesimama: kuna barua itakuja, ya matunzo ya mtoto, na mlipaji ni mimi.

"Funga mlango, mwanangu," akasema. "Joto linatoka."

Nikafunga.

"Ana miaka mingapi?"

"Minne."

"Anakoroma?"

Nikafikiri sijamsikia vizuri. "Kidogo. Akiwa na mafua."

"Wangu wa mwisho alikoroma kama injini ya mashua. Sasa kaoa. Namhurumia yule binti."

Akavuta droo ya kabati la chuma, akaweka kiganja juu ya folda moja, hakuitoa. "Barua kama yako ninazo sita humu. Sikwambii za nani, na yako simwambii mtu. Miaka ishirini na mbili nimekaa kiti hiki. Hao wote barua iliwatangulia. Wengine wamekuja hapa kunifokea kana kwamba nimeandika mimi. Wewe ndiye wa kwanza kuitangulia."

Sijui kwa nini nikaendelea. Nikamwambia kwamba pale mezani nilisema sina mtoto.

Bi Verna akavaa miwani yake, akaivua.

"Hilo si la ofisi hii," akasema. "Mimi ni mishahara tu."

Nimepima sampuli ishirini na sita leo bila kukosea hata moja.

Ijumaa, 18 Novemba

Wamejibu. Mstari mmoja: mabadiliko yamepokelewa, leseni haina tatizo. Nimeusoma mara nne. Naondoka sasa hivi kumfuata Hallie, wanasema upepo umetulia.

Jumanne, 29 Novemba

Hati ya mshahara ya kwanza ilitoka Ijumaa. Makato yapo, mstari wa tatu. Nililitazama neno lile kwa raha, nikaikunja hati ikaingia kwenye pochi.

Leo mchana nimekuta karatasi kwenye mlango wa friji ya chumba cha kulia. Sherehe ya Krismasi ya watoto wa wafanyakazi, Jumamosi tarehe 10. Andika jina la mtoto, umri, na mzazi, ili Baba Krismasi ajue anunue nini. Kumbe hufanyika kila mwaka. Majina kumi na moja tayari.

Nikasimama pale na kikombe changu. Hapa hakuna sheria inayonidai chochote. Ofisi inajua, mshahara unakatwa, barua iko kabatini na ufunguo anao Bi Verna. Ningeweza kufanya kazi hapa miaka kumi bila mtoto, na hakuna ambaye angenisimamishia leseni kwa hilo.

Darrell akaja kuchukua maziwa. "Unatafuta jina lako, dada? Baba Krismasi haletei wenye shahada." Akacheka, akatoka nayo.

Nikamwandikia Brent kwanza, kumwomba Hallie kwa siku hiyo. Kisha nikaandika pale, chini ya watatu wa Darrell: Hallie, minne. Na mahali pa mzazi, jina langu lote.

Sasa niko ndani ya gari, naandika juu ya usukani, chakula cha mchana hakijaisha. Dirisha la chumba cha kulia naliona kutoka hapa. Darrell amekuja kurudisha maziwa. Amesimama mbele ya friji, na mlango hajaufungua.

Tarehe 10 si wikiendi yangu, na Brent bado hajajibu. Wenzangu wote wameandika kwa ile penseli iliyofungwa kwa kamba. Mimi nimeandika kwa wino.